Udongo wa Nyayo ya Tingatinga

Nilipokuwa mtoto pale Mashimoni, Kibera yote ilikuwa na punda mmoja tu, na huyo punda alikuwa mimi. Sidanganyi. Kila asubuhi kijana mmoja alikuwa ananingoja kwa daraja ya mbao, ananipanda mgongoni, ananichapa na fimbo, na mimi namkimbiza mpaka shule kule Kianda. Jina yake ya kanisani ilikuwa Kevin, lakini sisi tulimuita Tingatinga. Alikuwa klasi ya nne kwa mara ya tatu, na uzito wake ilikuwa gunia mbili za mahindi, labda na nusu. Leo mimi nabeba simiti mpaka ghorofa ya saba bila kupumzika, na watu wa mjengo wananiuliza, "Ochi, hii nguvu ulitoa wapi?" Nawaambia nilianza mapema.

Baba ndiye nilimwambia kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, akatema mate, akasema, "Mpige jiwe. Mimi sikuzaa uji." Nikampiga jiwe. Ilimpata kwa kichwa, ikaruka kama imegonga tairi ya lori. Siku hiyo alinipanda kwenda na kurudi.

Mama akaenda kwa ticha. Ticha hakutoka hata kwa kiti. "Mama Ochi, hao ni vijana wanacheza." Akaenda kwa mama Kevin, aliyekuwa anauza mboga ya sukuma karibu na shule. Alienda mara tatu, na mara zote tatu akajibiwa, "Watoto ni watoto, mama." Ile mara ya mwisho alirudi nyumbani, akainua shati yangu, akaangalia mgongo kwa muda mrefu. Hakulia. Mama yangu hakuwa mtu wa kulia, hata ziwa ikauke yeye angetembea tu aokote samaki. Akaniita nyathina, mtoto wangu, vile alikuwa anaita akikasirika kabisa. "Nyathina, sasa nimemaliza kuongea."

Kwetu ziwani kuna kitu kila mtu anajua, na Kibera pia walijua, hata wale hawajawahi kuona ziwa. Mtu akikukosea na hataki kusikia, unachota udongo mahali amekanyaga, ikiwa bado mbichi. Unaweka kwa mkebe, unaning'iniza juu ya jiko, kwa moshi. Vile udongo inakauka, ndivyo mguu wake unafura, halafu unakauka. Dawa ni moja tu: udongo irudishwe mahali ilitoka kabla haijakauka yote, na mwenye nyayo aikanyage tena, watu wakiona.

Kesho yake ilikuwa imenyesha. Mama alivaa nguo yake ya kanisa, akabeba kijiko na mkebe ya mafuta ya kupika, tukasimama kwa geti ya shule. Tingatinga akakuja bila viatu, na fimbo yake mkononi.

"Ni huyu?"

"Ni huyu."

Alipopita, mama akapiga magoti kwa matope, na ile nguo ya kanisa, watoto elfu moja wanaangalia.

Hapo ndipo nilifanya kosa. Kwa ile furaha niliruka mbele nimuonyeshe. "Hapa mama! Amekanyaga hapa!" Na kisigino yangu ikaingia ndani ya ile nyayo, ikakula nusu. Mama hakuona. Alikuwa anaangalia Tingatinga machoni, mkono unachota wenyewe. Akachota yote, yake na yangu, akafunika.

Tingatinga alijaribu kucheka. "Mama Ochi, kwani mnapika matope?"

"Ndiyo," mama akasema. "Itaiva polepole."

Siku ya pili Tingatinga alikuwa anatembea juu ya mawe, anaogopa kugusa udongo. Ya tatu akachechemea. Ya nne hakuonekana, na habari ikafika mpaka kwetu kwamba mguu umefura kama tanki ya maji. Niliposikia hivyo nilikula ugali sahani tatu. Nilikuwa natembea Kibera katikati ya njia, kifua mbele, watu wazima wananipisha.

Lakini kisigino yangu ilikuwa imeanza kuwasha. Kila jioni mama akitoka kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, alikuwa anafungua mkebe, anaweka kidole, anasema, "Bado kidogo." Na mimi nasikia sindano zinapanda mpaka goti.

Ningeweza kusema. Maneno machache tu: mama, hata mimi nimo humo ndani. Angerudisha udongo siku hiyo hiyo. Lakini matope huwezi kutenganisha. Nikipona mimi, Tingatinga naye anapona. Nilikaa na hiyo kitu kwa roho, mtoto wa miaka tisa, nikaamua heri tukauke wote wawili. Nikaanza kufanya mazoezi ya kuruka na mguu mmoja nyuma ya choo. Niliruka mpaka nikawa bingwa, hakuna mtoto Nairobi angenishinda.

Siku ya sita mama Kevin alifika kwetu, amembeba kijana wake mgongoni. Kijana mkubwa hivyo! Nilicheka wazi, sikuficha.

"Mama Ochi, nakuomba. Huyu mtoto halali."

"Watoto ni watoto, mama."

"Wacha hivyo, dada yangu. Angalia mguu."

"Nilikuja kwako mara tatu. Hukuinua hata macho kwa sukuma."

Mama Kevin akapiga magoti mlangoni. Tingatinga alikuwa analia, kamasi mpaka kidevuni. Mama akanigeukia. "Mwenye mgongo ni wewe. Nirudishe?"

Nikasema, "Bado. Wacha ikauke."

Mama aliniangalia kama mtu hajawahi kuniona. Hakuniuliza tena. Akapanda kwa stuli, akatoa mkebe yeye mwenyewe.

Kwa geti ya shule alimwaga udongo pale pale. Tingatinga akakanyaga, akasema kwa sauti, watoto wote wakisikia, kwamba hatagusa mtu tena. Alipotoa mguu, mimi nikaweka kisigino yangu haraka.

"Wewe unakanyaga ya nini?" Tingatinga akauliza.

Nikazidi kukandamiza. Mama alielewa hapo hapo. Alinishika sikio. Hakuvuta. Alishika tu, mpaka tukafika nyumbani.

Tingatinga alipona kwa siku mbili. Kama ni udongo ilimponya ama ni uoga ulitoka, mimi sijui. Kisigino yangu iko, haikukauka, mnaweza kuja kuangalia. Kumsamehe sijamsamehe. Jumapili huwa namsamehe, Jumatatu nabadilisha.

Sasa naishi Kawangware. Juzi msichana wangu wa miaka kumi alirudi kutoka shule nywele zimekatwa upande mmoja na makasi. Wenzake walimshika, mmoja akakata. Mimi nilitaka kubomoa hiyo shule kwa mikono, na ningeweza. Nikamuuliza, "Unataka nifanye nini, mama?" Nilidhani atasema niongee na ticha.

Hakuwa analia. Alisema, "Nataka aumie. Hata kama na mimi nitaumia."

Asubuhi sikuenda mjengo. Nilikaa kwa ofisi ya hedimasta kama gunia ya simiti. Wakaniambia nirudi kesho, nikawaambia kesho pia nitakuwa kwa hiki kiti. Ilipofika saa sita wazazi wa yule mwenye makasi walikuwa wameitwa, na tuliongea mpaka hiyo maneno ikaisha.

Majirani wa plot wanafikiri nilienda kumtisha yule msichana mwenye makasi. Huyo hata sikumuangalia sana. Nilienda kwa sababu ya sauti ya mtoto wangu, vile alisema bila machozi. Hiyo sauti naijua, nilikuwa nayo nikiwa na miaka tisa, na hakuna aliyejua mpaka nikasema pale mlangoni kwetu, "Wacha ikauke". Nilitaka mtoto wangu aone mtu mzima ameenda, mapema, ndio yeye asiende kulipiza mwenyewe.