Darasa Lililonyamaza

Chumba changu cha darasa na cha Bi Midomo vilitenganishwa na ukuta wa mbao. Jina hilo alipewa na watoto. Sisi walimu wengine tulianza na herufi ubaoni. Yeye alianza na mdomo. Mtoto wa darasa la kwanza aweke kiganja kooni, atazame midomo ya mwalimu, atoe sauti, ndipo aonyeshwe herufi yake. "Mmm," mwalimu anasema, darasa zima linavuma, kisha anaandika m. Kelele zile zilinikera, sifichi, lakini watoto wake walipofika kwangu darasa la pili walikuwa wanasoma.

Kisha masikio yakaanza kumwacha. Nilijua mapema, maana nikimsalimia kwa nyuma haitikii, na hakuwa mtu wa kununa. Nikamwambia waziwazi.

"Dada, nenda ukapimwe."

"Nikapimwe halafu wanitoe darasani? Mume nimezika, wanangu wana nyumba zao. Nikitoka pale nabaki na nini?" Akacheka kidogo. "Hao watoto nawasikia kwa macho, mdogo wangu."

Kwa muda aliwasikia kweli. Lakini mficha maradhi kilio humuumbua, na watoto si wajinga. Waligundua kwamba ukifungua mdomo sawasawa, mwalimu anaridhika, sauti si lazima. Wakaacha kujichosha. Kelele zikapungua siku hadi siku, mpaka asubuhi moja nikasikia chaki yake ikikwaruza ubao. Nikaenda kuchungulia. Mwalimu mkuu alikuwa amenitangulia mlangoni.

Watoto wote walikuwa wamesimama, midomo inafunguka na kufungika kwa pamoja, hata mnong'ono hakuna. Mbele yao Bi Midomo anatabasamu, anaelekeza herufi kwa fimbo. "Vizuri sana. Tena."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwalimu mkuu akaingia, akamwuliza msichana wa mbele ile herufi inatamkwaje. Mtoto akafungua mdomo vizuri kabisa, akabaki hivyo. Akaulizwa wa pili, naye vilevile. Umbo la mdomo walikuwa nalo, sauti hawakuijua.

Mchana tuliitwa ofisini, mimi kama jirani. Mwalimu mkuu ni kijana mwenye adabu, na aibu ilimfanya aseme huku ameinamia meza.

"Inua uso, baba," Bi Midomo akamwambia. "Sioni unasema nini."

Akainua. Ilimbidi arudie yote akimtazama usoni, neno moja moja, na macho yalikuwa yamemjaa machozi. Bi Midomo alifuatisha kwa midomo yake, kisha akatamka kwa sauti kubwa kupita kiasi, hata waliokuwa nje wakasikia: "Kesho nisije."

Mwalimu mkuu akaitikia kwa kichwa.

"Na wale watoto?"

"Wataanza upya, mama. Tangu herufi ya kwanza."

Hilo hakuomba lirudiwe.