Basi Lililowapa Besi Sauti

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya kuunda bodi za mabasi, karibu na mtaa wa Jericho, nilifika na shahada ya uzamili na magoti yaliyogongana. Meneja alinikabidhi basi la kwaya ya kanisa moja la mtaa wa Umoja.

"Gari linaimba," alilalamika mwalimu wa kwaya. "Dereva akikanyaga mafuta, dari inavuma mmmm!"

"Linyamazishe kufikia Ijumaa, kazi ni yako," Meneja akaniambia. "Ukishindwa, rudi chuo."

Nilibandika vitambuzi, yaani vidude vya kupima mtetemo, nikaifuata njia yake: kutoka injini, kupitia raba zinazoishikilia, hadi kwenye chesisi, fremu ya chini, kisha nguzo za madirisha. Kitambuzi kimoja kilisoma mtetemo hata injini ikiwa imezimwa. Nilikwisha kuandika kurasa nne kuhusu ajabu hiyo Fundi Mkuu alipochungulia.

"Profesa, hebu toa goti kwa hiyo nguzo."

Yeye alimwaga ndengu juu ya paa, akaniamuru niwashe injini. Punje zikaruka, zikaikimbia sehemu ya katikati.

"Ndengu zinapotoroka, hapo ndipo panaimba."

Vitambuzi vyangu vilikubaliana naye, kwa desimali tatu. Tulichomelea pau ya chuma darini. Ijumaa basi likanyamaza, nikaajiriwa.

Jumatatu mwalimu wa kwaya alirudi amenuna. "Mmetuharibia kwaya!"

Kumbe besi, waimbaji wa sauti nzito, walikuwa wakiichukua sauti ya kuanzia kutoka darini, wakishuka nayo hadi madhabahuni. Jumapili hiyo kila besi alikuwa ameanza wimbo kwa sauti yake.

Meneja alinitazama kama tairi lililopasuka. "Irudishe ileile, ama uende."

Tuliikata pau. Mvumo ukarudi, ila juu kidogo, kwa kuwa makovu ya kuchomelea yalikuwa yamelikaza bati.

"Hiyo imetosha," akasema Fundi Mkuu.

"Bado," nikasema, nikimwonyesha daftari. "Ilikuwa mitetemo mia moja na kumi kwa sekunde."

Akasaga makovu, akiguna, hadi namba ikatimia. Mwalimu akavuma pamoja na dari, akatabasamu.

"Andika kwa ripoti yako, Profesa," akasema Fundi Mkuu. "Gari bovu, mteja ameridhika."

Baadaye nilihamishiwa idara ya raba, kisha ukaguzi, nikanyamazisha magari nisiyoyakumbuka tena. Sasa, vijana mnaonisikiliza, nimestaafu. Kwaya ina basi jipya, kimya kabisa. Kila Jumapili, kabla ya wimbo, mwalimu hunigeukia katika safu ya nyuma, nilikojiunga na besi, nami huvuma mmmm: mia moja na kumi.

Magoti bado yanagongana.