Wimbo wa Hodan Uliokosa Mwitikiaji

Gitaa la umeme likikwaruza kabla halijashika wimbo, mimi huzima redio. Watu hudhani sipendi roki. Wangejua!

Nilikuwa na miaka kumi hivi. Mwanamuziki wa roki kutoka Nairobi alikuja Garissa kurekodi albamu mbele ya watu, kwenye uwanja wa shule yetu, ili mauzo yasaidie kituo cha watoto yatima jirani. Alivaa buti za ngozi kwenye joto lile, maskini, akivuja jasho kama mtungi. Maalim wetu wa Kurani alifunga madirisha yake mapema. Mgeni alitaka pia wimbo mmoja wa watoto wenyewe.

Hodan, rafiki yangu wa dawati moja aliyelelewa kituoni, akachagua wimbo ambao jamaa za mama yake waliuimba wakinywesha ngamia kisimani. Wimbo huo hauimbwi na mtu mmoja. Mmoja huanza, anayepokea ndoo huitikia, na aliyeanza asipoitikiwa, huacha.

"Abti wangu ana redio, na nyimbo hizi zitachezwa redioni," aliniambia. Abti ni mjomba, na wake alichunga ngamia upande wa Modogashe. "Akiusikia atajua ni mimi, atakuja kunichukua. Utaniitikia, walaal, ndugu yangu?"

"Wallahi nitakuitikia."

Siku ilipofika, wasichana wakubwa walikaa mbele na hina zao, wakicheka kila kitu cha porini. Hodan akaimba mstari wa kwanza, akanigeukia. Nikatazama viatu vyangu. Haya ilinishika, jamani, nikaogopa kuitwa mchunga ngamia, mimi ambaye babangu alifungua duka kwa kuuza ngamia! Akarudia mstari. Nikanyamaza tena. Akashuka jukwaani, na gitaa likaendelea.

Albamu ilitoka bila Hodan. Mwaka uliofuata alihamishiwa kituo cha mji mwingine, na hakuniaga. Nilijiambia ni wimbo tu, kwani kitu gani.

Leo mimi ni mwalimu katika shule ile ile. Mwezi uliopita mzee mmoja aliingia ofisini, vumbi la safari likiwa bado miguuni, akasema anamtafuta mtoto wa dada yake, Hodan.

"Tuliambiwa alikufa pamoja na mama yake," alisema. "Juzi ndiyo nimesikia kumbe alisoma hapa. Wallahi, ningepata hata neno moja kwamba yu hai, ningekuja kwa miguu."

Kumbe Hodan hakuwa akiimbia albamu. Alikuwa akimwambia mtu mmoja kwamba hajafa, nami ndiye niliyemnyamazisha.

"Yuko wapi, binti yangu?" akaniuliza.

"Sijui, abti," nikasema.