Pulova ya Mwezi wa Kumi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumpeleka mtoto kupimwa malaria.

Ulikuwa mwezi wa kumi, mvua bado haijaanza, na hapa Musonoi, mtaa wa wachimbaji madini, joto la mwezi huo huchoma mabati tangu asubuhi. Binti yangu, mwenye miaka kumi na mmoja, alivaa pulova. Alivaa Jumatatu, akavaa Jumanne, na Jumatano akakataa kwenda kucheza mpira wa mikono, mchezo ambao kwa ajili yake huamka kabla yangu. Mimi ni mtu wa hofu. Anayevaa pulova kwenye joto anasikia baridi, na anayesikia baridi ana malaria. Nilisoma dalili zote kwenye simu, nikaziandika kwenye daftari, nikampeleka zahanati.

Muuguzi alimchoma kidole, akasubiri, akatazama kipimo. Kisha akamtazama binti yangu, jinsi alivyokunja mikono mbele ya pulova. Akacheka.

"Tata, mutoto haiko na malaria. Eko anajificha. Umuuzie sutie, pulova itatoka yenyewe."

Sutie ndiyo sidiria, na kuuza kwetu ni kununua. Alilisema neno hilo kwa sauti ileile anayoitia watu kwenye foleni. Kwenye benchi walikaa wachimbaji wanne, vumbi hadi kwenye kope. Mmoja akanyanyua mkono: "Dokta, na mi niko na koti. Unipime!" Benchi zima likacheka. Binti yangu alitoka mbio, na njia yote ya kurudi alitembea hatua kumi mbele yangu.

Nilikuwa na hasira na muuguzi, na benchi, na yule wa koti. Lakini niliyemchukia zaidi nilikuwa mimi mwenyewe. Kazi yangu ni kushona ovaroli. Hakuna aliyenifundisha. Nilifumua ovaroli moja kuukuu kipande kwa kipande, nikaishona upya mara saba hadi ikakaa sawa. Mshono ukipinda nusu sentimita, nafumua. Naona nusu sentimita kwenye bega la mtu nisiyemjua, na sikuona kwamba mtoto wangu mwenyewe ameanza kutembea ameinama.

Nilimpata nikiwa na miaka kumi na tisa. Mama yake aliondoka mtoto akiwa na minne, akaolewa Lubumbashi. Tangu hapo tuko wawili. Na kwetu, familia za asili ya Kasai, mwili wa msichana si habari ya baba yake. Ni habari ya dada wa baba, ambaye tunamhesabu kuwa baba wa kike. Kwa hiyo nilifanya kama inavyotakiwa: nilimpigia simu dada yangu mkubwa. Binti yangu sikumwuliza. Hilo lilikuwa kosa la pili, nalo lilikuwa kubwa kuliko la malaria.

Dada alikuja Jumamosi, wakati ambapo wateja wangu wawili walikuwa uani wakijaribu suruali. Hakungoja waondoke. Aliketi kando ya cherehani, akamwita mtoto, akatoa kwenye mfuko sidiria nyeusi ya sifongo, kubwa, ya mama wa watoto watano, akainyanyua juu kama bendera.

"Kamata. Kama iko mukubwa, itakungojea. Sasa uko mwanamuke. Mambo ya mpira imeisha, mwanamuke haruke-ruke mbele ya batu. Ujifunze kusonga bukari ya muzuri, siku moja tukule mahari yako."

Wateja walitazama suruali zao. Binti yangu alinitazama mimi.

Nikalipuka.

"Rudisha ile kitu mu mufuko! Mutoto wa miaka kumi na moja, unamuletea sutie ya namna ile?"

"Weye njo uliniita!"

"Nilikuita umusaidie! Nani alikuambia mpira imeisha? Sutie na mpira, biko na habari gani pamoja?"

"Ah, kumbe unajua mambo ya sutie! Basi umuchagulie weye mwenyewe, tuone, baba wa ovaroli!"

"Nitamuchagulia! Hata sutie kumi!"

Jirani wa kushoto alitoka mlangoni. Jirani wa kulia alikuwa ameshatoka. Dada alibeba mfuko wake, akaondoka akinitukana mpaka kwenye kona, nami nikamjibu mpaka kwenye kona. Nikarudi najiona baba shujaa. Mlango wa chumba cha mtoto ulikuwa umefungwa.

Nilibisha.

"Papa."

"Ndiyo, mama."

"Ulisema sutie mara tatu. Nilihesabu. Avenue yote ilisikia."

Nilishika kitasa, nikakiachia.

"Siendake tena ku masomo."

Niliketi chini, mgongo kwenye mlango. Wiki nzima nilikuwa nimempima, nimemwitia watu, nimempigania, na sikuwa nimemwuliza swali hata moja. Nikamwuliza anataka nifanye nini.

"Unyamaze," akasema.

Nikanyamaza. Baada ya muda mrefu nikapitisha utepe wangu wa kupimia chini ya mlango. Nikaanza kueleza jinsi ya kuushika, kwamba usikaze, kwamba usome kwenye sentimita.

"Papa!"

Nikanyamaza tena. Utepe ulivutwa ndani.

Jumapili baada ya misa tulikwenda sokoni kwa masharti yake. Nisimame kwenye meza ya chaja za simu, ng'ambo ya njia, mgongo umegeuka. Nisiseme neno, hata nikiitwa. Na ndiyo, muuza sidiria aliniita mara moja.

"We papa! Mama ya huyu mutoto iko wapi? Unaogopa nini? Kuja basi uchague na weye!"

Wauza nguo wote wakaangua kicheko. Damu ilinipanda. Nilikuwa na majibu, tena mazuri, yamepangwa mdomoni tayari. Nilishika chaja moja, nikasokota waya wake, nikausokota tena, hadi mwenye meza akaniambia, "Papa, unauza ao unavunja?" Sikugeuka. Ndipo nikasikia sauti ya binti yangu, ndogo lakini haitetemeki:

"Papa yangu eko ananingojea. Mi njo ninachagua."

Kicheko kikapungua. Alikuja na mfuko mweusi umefungwa fundo. Sikuona rangi, sikuona ngapi. Nilinunua ile chaja, kwa aibu. Tulirudi tukitembea sambamba.

Siku mbili baadaye aliketi kwenye cherehani yangu, mimi nikiwa nimetazama barabarani, akafupisha mikanda ya sidiria mwenyewe. Aliniambia mshono umepinda. Vidole viliniwasha. Nilimwuliza kama nifumue, akasema hapana, nikaacha.

Dada yangu hajakanyaga tena kwetu, na hasira niliyo nayo kwake haijaisha. Binti yangu amerudi shule na kwenye mpira wa mikono, na havai tena pulova kwenye joto. Mimi, kabla ya kufanya lolote linalohusu mwili wake, namwuliza yeye kwanza, ndani ya nyumba, kwa sauti ndogo.