Mbuzi wa Kutoumia

Lengo lenyewe lilikuwa jepesi kusikia: mwaka huo, ndani ya chuo chetu, asiumie mtu kazini. Mama wa usalama alilisema kwa Kiingereza, akalirudia kwa Kiswahili, kisha akatutazama sisi wafagizi, wapishi, walinzi na madereva tuliojibana kwenye madawati ya wanafunzi, akingoja tupige makofi. Hatukupiga. Tulikuwa tunangoja kitu kingine.

Mama huyo alikuwa ametoka Kenya. Sisi watu wa Lodwar husema hivyo juu ya kila anayekuja kutoka huko chini, ametoka Kenya, kana kwamba sisi tuko nchi yetu wenyewe. Mwanzoni alikuwa akicheka na kuuliza, "Kwani hapa ni wapi?" Baada ya kiangazi kimoja akaacha kuuliza. Lakini alikuwa mtu mzuri, na nataka hilo lijulikane mapema, maana kwa yatakayofuata mtu anaweza kumlaumu bure.

Aliyenyanyua mkono alikuwa mzee wa lango, mlinzi wetu mkuu, ambaye sote tulimwita Apa kwa heshima ya umri wake.

"Madam," akasema, "umeweka neno, lakini hujalichinjia."

"Kuchinja tena, mzee? Mimi nataka watu wasitoke damu, wewe unataka damu!"

Tukacheka. Yeye hakucheka. "Neno lisilochinjiwa linapita na upepo. Leta mbuzi."

Mkuu wa chuo akamtoa mbuzi, dume zuri lenye mafuta mgongoni. Likachinjwa nyuma ya jikoni. Mzee wa lango akapasua tumbo, akachota yale majani ya ndani ambayo bado hayajawa mavi, akatupaka kifuani mmoja mmoja, kama tunavyopakana tukifanya amani au tukimwombea mtu safari. Mimi ndiye niliyesimama kando yake nikimtajia majina, kwa kuwa katika kushika majina sina mpinzani. Nilikuwa najua la kila mwajiriwa na la kila kibarua, na la mama yake aliyemzaa. Ninayo hadi leo. Hapa siyaandiki, wenyewe wako hai na wana watoto.

Kila niliyemtaja alipakwa, na mzee akasema: "Damu isimwagike ndani ya ua huu. Atakayeimwaga, imrudie yeye na kizazi chake." Tukaitikia kwa sauti moja. Hata mama wa usalama alipakwa, juu ya blauzi yake nyeupe, akicheka na kupigwa picha. Yeye alidhani tumebariki lengo lake. Sisi tulijua tumeapa. Hakuna aliyemweleza, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba hajui.

Nyama ikaliwa, nami nikateuliwa kuwa mjumbe wa wafagizi kwenye kamati ya usalama. Kusoma nilijifunza uzeeni, kwenye darasa la gumbaru kanisani, na Kiingereza nashika neno hapa neno pale. Lakini kazi yangu haikuhitaji Kiingereza. Kila mwezi mama wa usalama alikuwa akiniuliza, "Ata, upande wa wafagizi kuko aje?" Ata ni bibi kwa lugha yetu, na alipenda kuniita hivyo. Mimi nikajibu, "Hakuna aliyeumia, madam." Wapishi wakasema hakuna. Walinzi wakasema hakuna. Akaandika, akatabasamu, tukanywa chai.

Mwanzoni ilikuwa kweli. Halafu mpishi mmoja akamwagikiwa na mafuta ya chapati mkononi. Siku iliyofuata alikuja amevaa sweta. Sweta, Lodwar, mwezi wa pili! Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye unga. Tukampita tukimwambia, "Ejok," hujambo, naye akajibu, "Ejok," na hakuna aliyeuliza habari ya sweta. Ilikuwa imeshaingia kati yetu, bila kikao, imani kwamba damu ukiifukia kwa mchanga na usiitaje, ni kama haikumwagika. Ukiitaja ndipo inaamka. Mfereji uliovunjika ukamkata mtu, akafukia. Kijana wa maabara glasi ikampasukia, akafukia. Lengo likawa linatimia kila mwezi, na chuo kikasifiwa hadi makao makuu.

Nyuma ya bweni kulikuwa na rundo la mbao za dari ya zamani, zimejaa misumari. Kwa sheria za kamati, kitu cha hatari kikitajwa, kinaondolewa ndani ya wiki. Lakini utakitajaje bila kuulizwa kilimchoma nani? Basi sisi wafagizi tulikuwa tukiipinda misumari kwa jiwe, tukapita kando.

Mmoja ukabaki haujapindwa. Ulimwingia mke mwenzangu.

Mume wetu alikufa zamani, akatuachia boma moja karibu na mto Turkwel na ugomvi wa kutosha watu wawili. Yeye huniita Mkubwa, mimi namwita Mdogo, ingawa wote tuna mvi. Kazi ya chuo tuliipata pamoja. Siku hiyo alikuwa amevaa akala, ndala za tairi, kwa sababu buti za mpira tulizopewa zilikuwa zinachemsha miguu. Msumari ulipita tairi ukapita na unyayo. Nilimwona akikaa chini, akiuchomoa, akiangalia huku na huku. Kisha akasukuma mchanga juu ya damu kwa kisigino cha mguu mzima, akashika ufagio.

"Mdogo."

"Nini? Fagia."

Nyumbani akaweka chumvi, akaweka majivu ya moto, akaweka samli. Mguu ukavimba. Ukawa unang'aa kama ngozi ya ngoma. Chuoni alikuwa akitembea sawasawa, nikimshangaa, na akifika bomani anaanguka mlangoni. Baadaye hata chuoni hakuweza kwenda, nami nikasema ana malaria. Chumba chake kikaanza kunuka, akafunga mlango ili majirani wasisikie.

"Twende hospitali," nikamwambia.

"Wakiniuliza nilichomwa wapi?"

"Sema nyumbani."

"Nyumbani kwetu kuna mbao? Mkubwa, Lodwar hii nani hana ndugu chuoni? Yule daktari wa hospitali anafundisha pale chuoni. Mimi ndiye ninayefagia ofisi yake!"

"Basi nitasema mimi."

Akaniangalia kwa macho ya homa. "Sema. Halafu uende kwa binti yangu umweleze mtoto wake alikufa kwa mdomo wa nani."

Binti yake alikuwa amejifungua karibuni, mtoto hata ngozi ya kichwa bado laini. Ni mjukuu wake, na ni mjukuu wangu. Imrudie yeye na kizazi chake: maneno yale niliyaitikia mwenyewe, baada ya kulitamka jina la Mdogo kwa kinywa changu. Nikisema, nimemtoa mtoto. Nikinyamaza, naukalia mguu unaooza, na nyuma ya mguu yuko mwenye mguu. Nilikuwa napika uji wake, nampa, narudi nakaa nje nikimsikia anavyohema. Mimi ni Mkristo, nilimwuliza Mungu, na Mungu naye akanyamaza kama mwenye kupakwa.

Ndipo nikaambiwa nipande gari la chuo niende Kakuma, kwenye tawi letu, kwa kikao cha kupima malengo ya matawi yote mawili.

Mbele alikaa mama wa usalama na dereva. Nyuma nilikaa mimi na maboksi ya glavu. Vioo vilikuwa vimefungwa kwa ajili ya baridi ya mashine, na mlango wangu ulikuwa haufunguki kwa ndani, tangu lini sijui, hakuna aliyewahi kuutaja. Nje ilikuwa jangwa na mbuzi na lami inayometa. Nikawaza: ni hapa, tuko watatu tu, mwambie. Nikafungua mdomo. Kwenye kioo cha dereva nikakuta macho yake yananingoja. Naye alipakwa. Mpishi wa sweta ni dada yake.

"Ata, mbona kimya leo?" akauliza mama wa usalama.

Dereva akanijibia. "Amechoka, madam. Wazee gari linawalaza."

"Nataka awe macho. Ata, wenzetu wa Kakuma wanaumia kila mwezi, nimechoka kuandika. Leo utasimama uwafundishe Lodwar mnafanyaje."

Dereva akaongeza mwendo.

Kikao kilikuwa kwenye darasa la mabati, karibu na kambi. Mjumbe wa wafagizi wa huko alikuwa mama wa Kikongo, mkimbizi, amejifunga kitenge chenye rangi za kuamsha wafu. Alisimama akataja yake bila aibu. Mmoja amechomwa na maji moto. Mmoja ameumwa na nge stoo. Ngazi imevunjika, mtu amekaa chini kwa nguvu. Yeye mwenyewe kidole hiki hapa, bati limekula.

Mama wa usalama akashika kichwa. "Mama, Lodwar hakuna hata mmoja. Mwaka mzima unaelekea kuisha, hata mmoja!"

Yule Mkongo akanigeukia. "Hata moja? Kumbe nyinyi munatembeaka na malaika!" Darasa likacheka. "Siye tunaumiaka, tunasema, wanatengeneza. Ile ngazi tulisema, na ingine ikafika. Nge, wakapiga dawa. Sasa mama, malaika wenu muwapatie na siye."

Ngazi nyingine ikafika. Nikaziona zile mbao zetu zimelala palepale nyuma ya bweni.

"Haya, Ata," akasema mama wa usalama, "simama utuambie siri."

Nikasimama. Dereva alikuwa ameegemea mlangoni, amekunja mikono. Nikashika dawati la mbele. Nilikuwa nimeshaandaa uongo, nilitaka kusema tunavaa buti, tunavaa glavu, tunamshukuru Mungu. Maneno yalifika kwenye meno. Halafu nikamsikia Mdogo akihema, nasema kweli, nilimsikia kutoka huko kote.

"Sisi hatuna malaika," nikasema. "Sisi tuna mbuzi."

Wakacheka tena. Nikaendelea, wakaacha. Nilieleza majani ya tumboni na yale tuliyoitikia. Nilieleza sweta, ingawa sikumtaja mvaaji. Nikaeleza msumari, na huyo aliyechomwa nikamtaja jina lake kamili, na la mama yake, kama nilivyomtaja siku ya kupakwa, maana kama ni kuvunja niliona nivunje yote.

Mama wa usalama aliweka mkono kifuani, pale alipopakwa. Nilidhani atauliza kuhusu lengo. Akauliza, "Mguu wake uko vipi?"

"Unanuka, madam."

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Ndani. Amefunga mlango."

Kikao kikaishia hapo. Dereva alinifungulia mlango wa gari, akauzuia kidogo kabla ya kuufunga. "Ata, umetumaliza," akasema polepole, kwa lugha yetu. Lakini lami yote ya kurudi hakuwahi kuiendesha kwa kasi vile, na bomani yeye ndiye aliyevunja komeo na kumbeba Mdogo mgongoni.

"Umesema?" Mdogo akaniuliza kutoka pale mgongoni.

"Nimesema."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya Kakuma nzima."

"Hukuweza kungoja nife?"

"Ukifa nitagombana na nani?"

Hakucheka. "Mtoto akipatwa na kitu, Mkubwa, kwenye mazishi yangu usije."

Madaktari waliokoa mguu. Vidole vitatu walivikata. Walisema tungechelewa kidogo tu, wangekata juu ya goti, na tungechelewa zaidi ya hapo, wasingekata chochote. Mbao ziliondolewa wiki hiyohiyo. Mama wa usalama akabadilisha lengo: sasa chuo kinahesabiwa kimefanya vizuri kama kila anayeumia anasema. Mpishi alivua sweta. Wengine bado wanafukia.

Mzee wa lango hanisalimii. Nilimpelekea mbuzi wangu mwenyewe, jike lenye maziwa, nikamwomba afungue yale aliyofunga. Akalitazama, akanirudishia kamba.

"Kiapo kinafunguliwa na aliyekitolea mnyama. Wewe ulitoa nini? Ulitoa majina tu."

Nikaenda kwa mkuu wa chuo. Yule wa kwanza alikuwa amehamishwa, wamemleta mwingine kutoka Kenya, kijana mwenye adabu. Alinikalisha kitini, akasikiliza yote hadi mwisho, akasema anaheshimu mila, lakini chuo hakina fungu la mbuzi. Labda mwaka ujao wa fedha. Mama wa usalama alitaka kumnunua mbuzi kwa mshahara wake. Mzee wa lango akamkataa hata mbuzi huyo, akisema yule wa kwanza hakutolewa na yeye.

Kwa hiyo tumebaki ndani ya kiapo. Mimi na Mdogo tunaishi boma lile lile, tunateka maji kwenye tangi moja, na binti yake amehamia kwetu na mtoto, kwa kuwa mama yake anahitaji mtu wa kumshika akienda chooni. Mtoto ananenepa. Ameota meno. Mimi ndiye ninayembeba mchana, wafagizi wenzangu wakienda kazini, maana chuo kimeshanistaafisha.

Jana upepo wa kiangazi ulivuma, mtoto akakohoa mgongoni mwangu, mara moja, halafu tena. Mdogo alikuwa anachambua maharagwe mlangoni kwake. Mikono yake ikasimama ndani ya ungo.

"Ni vumbi," nikasema.

"Sijakuuliza," akasema, akaendelea kutazama.