Mama Aliyefuga Samaki Bila Umeme

Habari ilinifikia asubuhi, nikiwa bado natafuta la kuwaandikia wiki hii: jirani yangu wa mtaa wa Bel-Air, yule mama mfanyabiashara ambaye wengi wenu mlinunua kwake sufuria na sahani zenu za kwanza za ndoa, amefariki. Alikunywa chai yake, akajilaza tena kidogo, na hakuamka. Nilipofika kwenye kilio nilikuta viti vya plastiki vimejaa hadi barabarani na kwaya ya kanisa lake ikiimba kwa sauti ya juu kabisa. Watu walilia, ndiyo, maana alipendwa. Lakini walikuwa pia wakisimuliana mambo yake na kucheka huku wakifuta machozi. Na mimi nina langu la kusimulia. Nimeandika safu hii kwa miaka mingi, nimeona watu wakishinda uchaguzi, kesi na mechi, lakini ushindi wa mama huyu ndio ulionifurahisha kuliko wote.

Aliletwa Lubumbashi na ndoa, akitokea Kivu ya Kaskazini, na Kiswahili chake hakikupoteza kabisa lafudhi ya kule. Yeye na mumewe walifungua duka la vyombo vya nyumbani, wakiuza kwa jumla, na malori yaliwaletea mzigo kupitia mpaka wa Mokambo. Mume alipofariki, aliendelea peke yake. Sehemu kubwa ya maisha yake aliipitisha amesimama nyuma ya kaunta ya vioo, akibishana bei na wateja waliojua fika kwamba watashindwa. Kisha siku moja aliteleza bafuni, akavunjika nyonga. Daktari alifanya kazi yake vizuri, mfupa ukaunga, lakini kusimama kutwa hakukuwezekana tena. Duka likafungwa, kaunta ikahamishiwa sebuleni kwake na kufunikwa shuka, naye akabaki na fimbo yake ya kutembelea na kiti karibu na dirisha. Nilikuwa napita kumsalimia Jumapili baada ya misa, na nilimwona akinyauka. Hakulalamikia maumivu. Alichoniambia kilikuwa kingine: "Papa, kila siku naamuka saa ya duka. Naoga, navala, nakaa. Kisha nangoja giza iingie nilale tena."

Sijui wazo la samaki lilimjia lini hasa. Ninachojua ni kwamba aliwahi kuona sanduku la kioo lenye samaki katika mgahawa mmoja mjini, lenye taa na mashine ya kusukuma hewa ikitoa mapovu, akamuuliza mwenye mgahawa samaki wanafanyaje courant, yaani umeme, ikikatika. Akajibiwa kwamba jenereta inawashwa, na jenereta isipowaka, samaki wanakufa. Jibu hilo lilimkera. Alirudi nyumbani akisema kwamba mito haina mashine na samaki wake wanaishi, kwa hiyo lazima iko njia. Akamwita fundi wa vioo, akamwagiza aibomoe ile kaunta na kuunganisha vioo vyake kuwa sanduku refu lisilovuja. Likawekwa mahali ambapo jua la asubuhi hupita na kuondoka. Chini alitandaza udongo mweusi wa bustani yake, aliouchekecha kwa mkono, na juu ya udongo akamwaga mchanga mzito aliouosha mpaka maji yakatoka meupe. Yote hayo aliyafanya ameketi kwenye kibao, polepole kwa sababu ya nyonga, na alikataa kusaidiwa.

Kwa mapambo alitumia mawe aliyokuwa nayo. Wenyeji wa mji huu wanajua ni mawe gani: yale ya kijani yenye mistari, ambayo karibu kila nyumba inayo juu ya kabati, zawadi ya mjomba aliyefanya kazi mgodini. Aliyapanga yakawa mlima mzuri sana ndani ya maji. Kisha akanunua visamaki vidogo vya mtoni, vyenye mstari mweusi ubavuni, akavitia. Nilipopita Jumapili iliyofuata vyote vilikuwa vimekufa. Akanunua vingine, navyo vikafa. Mtoto wake wa kwanza ni mkemia katika maabara ya mgodi, Kolwezi, na alipompigia mama yake simu kumjulia hali, mama akamwambia ukweli. Kijana aliuliza swali moja tu, kuhusu mawe. "Mama," akasema, "ile majiwe ya kijani njo shaba yenyewe. Kwa samaki iko sumu."

Mama alipokuwa akinisimulia jambo hilo, alilirudia mara kadhaa, kama mtu aliyeambiwa siri ya familia. Nami nilirudi nyumbani nikilitafakari. Jiwe hilo ndilo lililojenga mji wetu. Ndilo lililowaleta babu zetu kuchimba na kutandika reli, likatulipia shule, likatupa hata rangi ya mapazia yetu. Tunaliweka sebuleni karibu na msalaba. Na bado kipande chake kikilala katika maji kidogo, hakuna kinachopona humo. Sisemi tulitupe, nani angekula nini hapa bila shaba? Nasema tu kwamba kitu kinachotulisha si lazima kiwe rafiki wa kila kilicho hai, na kwamba ni vizuri kujua ni wapi pa kukiweka na ni wapi pa kukiepusha.

Yeye hakutafakari sana. Alimwaga kila kitu, hata udongo na mchanga, akaosha vioo na kuanza upya. Safari hii aliagiza mawe ya kijivu kutoka kijito kilicho mbali na machimbo, akayadondoshea siki moja baada ya jingine. Lililotoa povu alilikataa, maana povu ni dalili ya chokaa. Katikati ya mawe alichomeka vikonyo vya matembele, mizizi ikiwa ndani ya maji na majani nje, na nyuma yake matete mafupi ya kwenye bwawa, ili mimea isafishe maji badala ya mashine. Maji ya bomba aliyaacha kwanza yalale kwenye ndoo wazi, ili dawa ya kusafishia iyatoke. Halafu akangoja mimea ishike. Kwa mwanamke aliyezoea kuuza na kununua kabla ya saa sita, kungoja kulikuwa kazi ngumu kuliko kubeba udongo. Maji yaligeuka kijani, yakachafuka, yakatulia, mwisho yakawa safi kama ya mvua. Mizizi myeupe ikajaa kati ya mawe, na majani ya matembele yakapanda nondo za dirisha mpaka juu. Nilimuuliza kama hakuchoka kutazama sanduku lisilo na samaki. Akanijibu: "Mu duka, mali ikikaa ni hasara. Hapa ikikaa, njo inakuwa muzuri." Hapo ndipo alipotia samaki tena, wachache tu, na hawakufa. Siku moja alinipikia matembele ya dirishani, nayo yalikuwa matamu.

Kisha transfoma ya mtaa wetu ikaungua. Mnaoishi Bel-Air mnakumbuka majuma yale, jenereta zikinguruma kila ua na nyama ikiharibika kwenye friji. Ni wakati huohuo ambapo mtoto wake alifika kutoka Kolwezi pamoja na baba yake mdogo, yaani shemeji wa mama, na mimi nikaitwa kama jirani na shahidi. Walikuja na shauri lililokwisha kuiva. Baba mdogo alizungumza kwa heshima na kwa urefu: kwamba mama amezeeka, kwamba ameshaanguka mara moja, kwamba sasa hata umeme haupo, kwamba watu wanasema anashinda akichezea mawe na matope. Nyumba ipangishwe, mama aende Kolwezi akapumzike kwa mtoto. Hakukuwa na ubaya katika maneno yake. Alikuwa na hofu, kama mtoto naye alivyokuwa na hofu. Lakini nilimtazama mama, na niliona mikono yake imeshika fimbo kwa nguvu.

Hakubisha. Alimwambia mtoto wake asogee karibu na kioo, atie mkono ndani ya maji, kisha anuse. Kijana alitii. Alinusa, akanusa tena, akasema yananuka kama udongo baada ya mvua. Akauliza mashine iko wapi. Mama akasema haipo na haijawahi kuwapo. Basi yule mkemia akapiga magoti sakafuni na suruali yake ya safari, akaweka uso karibu na kioo, na akakaa hivyo kwa muda mrefu, mpaka baba mdogo akaanza kukohoa. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Mama, zilizaa." Tukainuka wote. Kati ya mizizi ya matembele kulikuwa na vitoto vya samaki, vyembamba kama uzi, vinavyoonekana macho tu, vikicheza. Mama mwenyewe hakuwa ameviona, kwa sababu hakuweza kuinama hivyo. Alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku za duka. Kisha akasema neno lake la mwisho katika kikao kile: "Courant haiko, na bintu binazaa mu nyumba yangu. Sasa munifasirie, ni nani mwenye haiwezi kujichunga?"

Mtoto wake alisimama, akajipangusa magoti, akamgeukia baba yake mdogo na kusema kwamba wao wawili watarudi Kolwezi, na mama atabaki. Kabla ya kuondoka alifunga vyuma vya kushikilia ukutani bafuni, kwa mikono yake mwenyewe. Mama aliishi nyumbani kwake miaka mizuri baada ya hapo, akigawa vikonyo na visamaki kwa kila aliyeomba, na akimfokea kila aliyetaja mawe ya kijani.

Kwenye kilio nilikaa karibu na mwanamke aliyetoka mtaa wa Ruashi, ambaye amejenga nyumba yake mwenyewe na bado hajaipaka rangi. Aliniambia kwamba ana sanduku la kioo sebuleni, lenye visamaki alivyopewa na marehemu, na kwamba mama yake mzazi, mjane aliyekuwa hataki hata kutoka kitandani, sasa ndiye wa kwanza kuamka, kwenda kutazama kama kuna kilichozaliwa. Tunawapenda wazee wetu, na kwa sababu hiyo tunaharakisha kuwapumzisha. Tunawauliza wanataka kulala wapi. Jirani yangu alinifundisha kwamba kuna swali linalotangulia hilo, na mtoto yeyote anaweza kulijibu akikubali kupiga magoti kidogo na kutazama: asubuhi, ni nini kinachomngoja mzee huyu?