Pembe ya Tanga la Bilal

Kambo Alima, kambo yaani bibi kwa lugha ya huko, hushona turubai za malori yanayokwenda mpakani Kasumbalesa, hapo barazani kwake Kamalondo, Lubumbashi. Kila pembe huishona mara mbili, kwenda na kurudi. Mteja wake wa siku nyingi, dereva wa lori Mwaba, humtania: "Mama, mi niko na kamio, siko na mashua." Alima hacheki. Hata siku isiyo na upepo, pembe moja ya turubai huvimba taratibu mezani, kama kuna mtu chini yake anavuta pumzi.

Babu zake walitoka pwani na tanga la pembe tatu, wakalifikisha Ziwa Tanganyika. Lilining'inia kwenye foromali, ule mti mrefu unaofungwa mshazari juu ya mlingoti. Lilisukuma chumvi, ndakala, wale dagaa wa ziwani, hata maharusi. Mvua ikinyesha, lilikuwa paa. Baba yake alikuwa fundi wa matanga Kalemie, kando ya ziwa hilo. Alimfundisha kwamba pembe ya mbele, ya chini, ndiyo hubeba nguvu zote za upepo. Hiyo ishonwe mara mbili.

Akiwa na miaka kumi na miwili, Alima alipewa ashone pembe ya tanga la kaka yake Bilal. Aliishona mara moja tu badala ya mbili, akamwambia baba amemaliza, akakimbilia kucheza. Bilal akaingia nalo ziwani, na baada ya siku tatu wavuvi walileta tanga peke yake, bila Bilal. Baba alilikunja, akalifunga kamba, akakataza lisifunguliwe. Alima alishukuru kimoyomoyo, maana kosa lake halingeonekana. Miaka hamsini amehama nalo, hajathubutu kuitazama ile pembe.

Juzi mjukuu wake Najma alitafuta kitu cha zamani cha kuonyesha shuleni.

"Kambo, mule kwa kifurushi muko nini?"

"Muko tanga."

"Nifungue?"

Alima aliweka sindano chini. "Fungua."

Bado lilinuka samaki. Najma akaifikia pembe.

"Huku kuko nyuzi mbili, Kambo. Moja nyeupe, moja nyeusi."

Mweupe ulikuwa wa Alima. Mweusi ulikuwa wa baba, aliyezoea kupaka uzi wake lami. Pembe ilikuwa nzima, haikuchanika hata kidogo. Baba alijua, akarudia kazi kabla Bilal hajaondoka, akanyamaza mpaka kaburini.

"Kambo, unalia?"

"Shika huko, tukunje."

Uani, moshi wa makaa ulipanda wima. Katikati ya mikono yao, tanga likavimba taratibu, kama mtu anayevuta pumzi.

"Ni upepo?" Najma akanong'ona.

Miaka yote Alima alijua kinachovimba ni nini: lilikuwa kosa lake. Sasa hakujua tena.

"Shika nguvu," akasema. "Usimuachilie."